Wakwe Wawili Jangwani

Kituo cha mwisho cha mafuta kilikuwa kimeshabaki nyuma, kimekuwa kidoa cheupe kwenye kioo cha pembeni, na Fundi alikuwa bado hajasema.

Alikuwa amejiahidi kwamba atasema kabla ya barabara kuingia jangwani. Kisha akajiambia atasema Refa akimaliza kujaza mafuta. Refa akajaza, akanunua maji, akafuta kioo cha mbele kwa kitambaa chake mwenyewe kana kwamba anakifuta uso, akarudi kwenye usukani akipiga mluzi. Mwanamume wa umri ule, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, anapiga mluzi kama kijana aliyetumwa sokoni na kubakiziwa chenji. Mtu ana roho gani ya kuukata mluzi kama ule?

"Watakuwa wameshaanza kuchungulia njia," Refa alisema. "Namjua mwanangu. Mgeni akichelewa kidogo tu, hatulii kitini."

"Labda."

"Labda nini? Na mjukuu wetu Kibibi je? Yule leo hajalala mchana. Atakuwa amekaa mlangoni ananingoja."

Fundi aligeukia dirisha. Mchanga ulikuwa umelala pande zote mbili za lami, wa rangi ya mkate uliokauka, na hapakuwa na kitu cha kushikilia macho isipokuwa nguzo za umeme zilizokwenda zikipungua urefu mpaka zikawa kama sindano. Mikono yake, iliyozoea kushika nyundo, haikujua ishike nini. Ilikuwa inavuta uzi uliochomoza kwenye kiti cha gari, ikiuzungusha kidoleni, ikiuachia.

Walikuwa wakwe, hawa wawili. Mtoto wa kiume wa Refa ndiye aliyemwoa binti wa Fundi. Siku ya harusi walikalishwa meza moja, wakapeana mikono kwa adabu, wakaulizana habari za safari, na kila mmoja akarudi kwake akijua kwamba kuanzia siku ile atakuwa anaulizia afya ya mwenzake kwa simu, kama heshima inavyotaka. Fundi alikuwa mjane tayari, amemzika mumewe. Refa naye alifiwa na mkewe wakati kijana angali sekondari. Walioana watoto, wazee wakabaki kila mtu na nyumba yake na ukimya wake.

Kisha Refa akaleta kiti.

Kazi ya Fundi ilikuwa kuvalisha makochi: kuchana kitambaa kilichochoka, kubadili sponji, kukaza springi, kugonga misumari midogo ambayo huishika kwa midomo kama mtu anayekula mbegu. Mkwe alileta kiti kimoja, akasema kimechanika. Kikashonwa. Mwezi ule ule akaleta kingine. Ikafika wakati nyumba yake yote haikuwa na kiti kilichobaki na kitambaa cha zamani, naye akaanza kununua viti vibovu vya watu ili apate cha kuleta. Siku Fundi alipomwuliza, "Mkwe, hivi unafungua ukumbi wa harusi?", Refa alijibu, "Hapana. Ninatafuta sababu, na viti vinakaribia kuisha."

Jina la Refa si la kazi yake ya mshahara. Mshahara aliupata idara ya maji mpaka alipostaafu. Ila mwisho wa wiki, kwa miaka na miaka, alikimbia uwanjani na filimbi mdomoni, na jina la filimbi ndilo lililomganda.

"Nitasema baada ya chakula," alikuwa anaendelea sasa. "Siyo wakati wa kula, mtu asije akapaliwa. Watoto wakishakaa vizuri, mimi nitasimama."

"Usisimame."

"Kwa nini?"

"Utafanana na mtu anayetoa kadi."

Akacheka, akapiga usukani kwa kiganja. Fundi hakucheka, na Refa, ambaye hakuwa mjinga, akapunguza mwendo.

"Una nini leo? Tangu asubuhi unanijibu kwa kijiko."

"Refa. Na tukiacha kwanza? Twende, tuwasalimie, tukae na mjukuu, tule sikukuu. Haya yetu tuyaseme siku nyingine."

"Siku gani?"

"Siku nyingine."

"Siku nyingine haina tarehe, Fundi. Mimi nina umri wa kutaka tarehe." Alisema kwa upole, lakini mluzi ulikuwa umeshakufa. "Tulikubaliana. Wewe ndiye uliyesema tusiwaambie kwa simu, tuwaambie ana kwa ana. Nikakubali. Sasa tuko njiani unaniambia tuwaone ana kwa ana halafu tunyamaze. Unanionea aibu?"

"Sikuonei aibu."

"Basi ni nini?"

Juzi jioni, jibu lilikuwa hilo. Juzi jioni binti yake alipiga simu. Ni mfamasia kwenye zahanati ya wafanyakazi wa mtambo wa umeme wa jua, ng'ambo ya jangwa, ambako mumewe ni mhandisi.

"Mama, ni kweli nilichosikia?"

"Umesikia nini?"

"Kwamba wewe na baba mkwe wangu mnataka kuoana."

Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Aliutoa kwanza. "Tulitaka kuwaambia wenyewe."

"Mama, yule ni babu wa mwanangu."

"Na mimi ni bibi yake. Babu na bibi wakikaa nyumba moja kuna ajabu gani?"

"Usinifanyie utani, Mama." Sauti ya binti ilikatika kidogo, ikarudi ikiwa chini zaidi. "Mimi nikiondoka hapa siku moja, nitakimbilia wapi? Nije kwako nimkute baba yake mezani?"

"Kuondoka? Kuondoka kwenda wapi, mwanangu?"

"Sikusema kitu. Sahau. Ila kama ni kuja naye, heri usije kabisa."

"Basi sitakuja," Fundi alijibu. Maneno yalitoka kabla hayajatafunwa, na simu ikakatwa, asijue ni nani kati yao aliyeikata. Tangu hapo kila mmoja alimngojea mwenzake ashuke, na wote wawili ni wa tumbo moja la ukaidi, hakuna aliyeshuka. Asubuhi ya leo Refa alipopiga honi mlangoni, gari limeoshwa linang'aa, shati jeupe limenyooshwa mpaka kwenye mikunjo ya kwapa, na kwenye kiti cha nyuma kuna mwanasesere wa Kibibi aliyefungwa mkanda, Fundi alifungua mdomo aseme, akajikuta anasema, "Ngoja nichukue mkoba."

"Ni nini, Fundi?" Refa aliuliza tena.

"Hawatungoji."

"Nani?"

"Watoto. Hawajui kama tunakuja. Binti yangu alinipigia juzi, ameshasikia habari zetu. Akasema nisije na wewe. Nikamwambia basi siji."

Refa aliweka gari pembeni. Aliwasha taa za hatari, kwenye barabara ambayo haikuwa na gari jingine mbele wala nyuma, akavuta hendibreki. Alifanya yote polepole, kama mtu anayepanga vitu mezani kabla ya kuanza kugombana.

"Kwa hiyo tumekata nusu ya jangwa kwenda kwa watu waliotukataa."

"Nilitaka kukwambia."

"Wapi? Kule mlangoni? Kwenye mafuta? Umekaa hapa pembeni yangu unanisikiliza ninavyojipanga kuongea kama bwana harusi, na unajua mlango umefungwa."

"Ulikuja umefua gari, ningesemaje?"

"Gari halifuliwi. Linaoshwa."

"Ndiyo wakati wa kunisahihisha huu?"

Siku nyingine wangecheka.

"Alisema kwa nini?" Refa aliuliza. "Alitoa sababu?"

Sababu ilikuwa kwenye lile neno moja, *nikiondoka*, ambalo binti yake alilitoa kisha akalirudisha haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho hajakifagia. Angelimwambiaje Refa? Yule anayetaka kuachwa ni mwanawe, damu yake. Siri ya mtoto haibebwi kwa mkwe, hata kama mkwe ndiye unayempenda.

"Alitoa. Lakini si yangu kuisema."

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Inanihusu mimi?"

"Refa, usiniulize."

Refa alimtazama kwa muda mrefu. Fundi aliyajua macho yale: yalikuwa yakimtazama karakanani wakati ameinama juu ya kiti, mwenyewe akidhani hayaonekani. Leo yalikuwa makavu.

"Nisikilize, basi," alisema. "Mimi siwezi tena kuwa mkwe. Siwezi kukaa meza moja na wewe nikakuomba chumvi kama mgeni. Nimejaribu, nimeshindwa. Tutakwenda, kwa sababu kuna mjukuu. Tukifika na bado hutaki tuseme, nitalala siku moja, nitarudi mjini kwa basi, gari nitawaachia mje nalo. Na ukirudi usinitafute. Sikwambii kwa hasira. Nakwambia kwa sababu kila siku nitakuwa nangoja, na kungoja kumenichosha."

Akafungua mlango, akashuka. Alitembea mbele ya gari, mikono nyuma, shati jeupe likipeperuka. Fundi alibaki ndani. Marehemu mumewe alikuwa mtu mwema, walizeeshana vizuri, hakuwa na la kumlaumu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kumngoja kunachosha. Alitaka kushuka amkimbilie. Alitaka pia kumrukia binti yake shingoni, amtikise, kisha amkumbatie. Hakufanya lolote.

Ndipo alipoona upande wa kulia hauna tena mstari. Mbingu na mchanga vilikuwa vimeungana na kuwa ukuta wa kahawia, na ukuta ule ulikuwa unatembea.

"Refa," aliita kupitia dirishani. "Rudi ndani."

Alikuwa ameshauona. Alirudi mbio za mtu ambaye magoti yake yana historia, akawasha gari, akafunga madirisha. "Kuna nyumba ya wasafiri mbele. Tukiiwahi tumepona, tukikosa tutakaa humu humu."

Waliiwahi kwa kupapasa. Mwisho wa safari walikwenda taa zimewashwa mchana, mchanga ukipiga mabati ya gari kama mchele unaopepetwa, na Fundi ndiye aliyekuwa akisema, "Kushoto kidogo. Mstari huo hapo. Taratibu." Lilipotokea jengo refu la saruji lenye magari machache yaliyoegeshwa hovyo, Refa alisimamisha gari karibu kabisa na mlango. Alichukua koti lake kutoka kiti cha nyuma, akamfunika Fundi kichwa na mabega, akamkumbatia ubavuni, wakakimbia.

Mlango ulifunguliwa, ukafungwa nyuma yao kwa nguvu. Mtu wa kaunta akarudisha matambara chini ya mlango. Ndani mlikuwa na giza giza, harufu ya chai na ya mazulia yenye vumbi. Fundi alikohoa ndani ya koti, hakuona kitu, akasikia sauti ndogo:

"Bibi."

Aliteremsha koti. Kibibi alikuwa amekaa juu ya meza ya plastiki, miguu ikining'inia, biskuti mkononi. Nyuma yake, kwenye benchi, alikaa binti yake, na katikati ya magoti yake kulikuwa na begi kubwa la nguo.

Binti alimtazama mama yake, kisha akautazama mkono wa baba mkwe uliokuwa bado begani kwa mama. Refa akaona alikoangalia. Mkono ukajua kwamba umeonekana, ukakaa pale pale.

"Mama, ulisema huji."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nakuja kwako."

Refa alikuwa analitazama lile begi. Alilifahamu, yeye ndiye aliyelinunua, zawadi yake kwa maharusi, akachagua kubwa kwa sababu alitaka wasafiri. Alikaa kwenye kiti cha karibu bila kukaribishwa. Kibibi akateremka mezani, akaja akapanda gotini kwake, akaanza kumpangusa vumbi kwenye nyusi kwa kidole chenye biskuti.

"Mume wako yuko wapi?" Refa aliuliza.

"Kazini. Au ameshatoka. Sijui, Baba. Nimeacha kujua alipo hata akiwa amekaa mbele yangu."

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Angekuwa naye ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Haongei, Baba. Anarudi, anavua buti, anakula, anageukia ukutani. Ukimwuliza, amechoka. Ukimwuliza kesho, amechoka. Nimeishi na mgongo wake mpaka naujua kuliko uso. Jana nilimwambia Mama haji sikukuu. Akasema sawa. Nikamwambia basi nitakwenda mimi, na huenda nisirudi. Akasema sawa. Hata sijui kama alisikia."

Refa aliweka kiganja juu ya kichwa cha mjukuu. "Mwanangu," alianza, "mwanamume akiwa na kazi nyingi, wakati mwingine..."

"Refa," Fundi alisema.

Jina tu. Akanyamaza, lakini neno lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu ilitosha. Binti aliinuka.

"Umeona, Mama? Ndicho nilichokwambia. Hata sijafika kwako. Niko katikati ya jangwa, na tayari nimeshamkuta mezani."

Upepo ulipiga paa, mabati yakalia. Mtu wa kaunta alileta chai ambayo hakuna aliyeiagiza, akaweka vikombe, akaondoka bila kumtazama mtu usoni.

"Kwa hiyo ndiyo hiyo," Refa alisema taratibu, akimgeukia Fundi. "Ile isiyokuwa yako kuisema."

"Ndiyo hiyo."

"Na ukaniacha nikutukane njia nzima."

"Hukunitukana. Kaa kimya kidogo, nataka kuongea na nyie wote wawili, na nikikatizwa nitalia, na sitaki kulia na vumbi hili machoni."

Fundi alisimama katikati yao, koti la Refa likiwa bado mabegani, likimpwaya. Katika maisha yake alikuwa mtu wa kupisha. Alimpisha mume, akapisha wakwe, akampisha mtoto. Hata kwenye foleni alipisha. Sasa hapakuwa na pa kusogea. Mbele binti, nyuma mwanamume, nje mchanga.

"Wewe kwanza, mwanangu. Nyumba yangu ni yako. Uje mchana, uje usiku, uje na begi, uje mikono mitupu, hukuti kufuli, na sitakuuliza mpaka uwe umekula. Hilo halina masharti. Lakini sitakaa peke yangu kwenye nyumba ile, nimezima taa ya moyo wangu, nangoja siku utakayoachika ili upate pa kukimbilia. Hapo sitakuwa mama, nitakuwa stendi. Ukija utanikuta na mtu. Nimempenda, na sijui namna ya kukwambia ila hivyo hivyo."

Binti alifungua mdomo. Fundi akainua kidole.

"Na wewe, Refa. Utakaa mezani kwangu. Na siku huyu akija analia kwa sababu ya mwanao, hutamtetea mwanao. Kesho yake utakwenda kumsikiliza, ni mtoto wako, sitakuzuia. Lakini siku ile, hapana. Sitaki jibu la kunifurahisha. Kama huwezi, sema sasa, nami nitaondoka na binti yangu, na yale uliyoniambia kule barabarani nitayafuata."

Kibibi alikuwa amemaliza nyusi za Refa, ameingia kwenye masharubu.

"Nilichezesha fainali moja," Refa alisema mwisho, "mdogo wangu alikuwa beki. Akamkata mtu miguu, ndani ya boksi. Nikampa penalti yule mwingine, na huyu nikamtoa kwa kadi nyekundu. Mama yetu alikuwa jukwaani. Wiki nzima aliniwekea chakula uani, nile na kuku." Hakutabasamu. "Naweza, Fundi. Ila nimeanza vibaya sasa hivi, na wewe umeona." Akamgeukia mke wa mwanawe. "Mwanangu, lile neno nililoanza kulisema nalirudisha. Sikulimaliza, na sitalimalizia mahali popote. Hebu niambie. Wewe mwenyewe, si mama yako wala si mimi. Unataka nini?"

Binti alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Swali lile lilimkuta hana ngao. Alikaa tena kwenye benchi, mikono juu ya begi.

"Nataka kulala," alisema. "Nataka kulala kwenye nyumba ambayo mtu akiniuliza habari za leo, anangoja jibu."

Fundi akaenda akakaa karibu naye. Hawakukumbatiana, mabega yao yaligusana tu, na hakuna aliyesogea. Walikunywa ile chai ikiwa imepoa, na punje za mchanga chini ya kikombe.

Upepo ulianguka ghafla kama ulivyokuja. Mtu wa kaunta alipoondoa matambara na kufungua mlango, nje palikuwa na mwanga wa manjano, safi, na magari yote yalikuwa yamekuwa rangi moja. Refa alikwenda akafuta vioo vya gari la binti kwanza, mbele na nyuma, akapiga matairi teke moja moja kuona upepo. Alichukua begi, akaliweka kwenye buti, akafunga. Fundi alimtazama akifanya yale, mtu anayelibeba begi la mke wa mwanawe anayeondoka, na moyo wake ukamwuma kwa namna ambayo haukumwuma kule barabarani.

"Wewe nenda na watoto," Refa alimwambia aliporudi. "Mimi naenda mbele."

"Peke yako?"

"Kijana atarudi kazini akute nyumba tupu, na kesho ni sikukuu. Siendi kumtetea. Nakwenda kumwuliza ana nini, na safari hii sitakubali aniambie amechoka."

"Hajui kuongea, huyo."

"Basi tutakaa wawili mpaka ajue."

Binti alikuwa anamfunga Kibibi mkanda, mlango wa gari uko wazi, na kusikia alikuwa anasikia. Fundi alivua koti, akamrudishia. Refa hakulipokea koti. Alipokea mkono, akaushika hadharani, mbele ya binti, mbele ya mtu wa kaunta aliyesimama mlangoni na fagio. Kilikuwa kiganja kigumu, kina sugu za nyundo, naye alikishika kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ulisema nikirudi mjini nisikutafute."

"Nilisema mengi. Nilikuwa na kiu."

"Utarudi lini?"

"Baada ya sikukuu."

"Na ukikawia?"

"Nikikawia ujue ameanza kuongea."

Fundi akaangua kicheko kilichomtoka puani, akaficha uso begani kwake kidogo, kidogo tu, akajitoa. Refa aliingia garini. Alikuwa ameshatia gia binti alipofika dirishani kwake, amejifunga mikono kifuani.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mimi sijakubali."

"Najua."

"Nimekasirika. Na nitaendelea kukasirika, usidhani ni ya leo tu."

"Ni haki yako."

Alisimama pale, akiutazama mchanga uliojaa kwenye mfereji wa kioo, akaufuta kwa kidole. "Lakini ukirudi usipitilize kwako ukakae peke yako na sufuria moja. Ushukie nyumbani."

Hakusema nyumbani kwa nani. Refa aliitikia kwa kichwa mara moja, akaondoka. Fundi aliogopa kwamba akiligusa lile neno litavunjika. Alisimama mpaka gari likawa doa, kisha akaingia kwenye gari la binti yake, na wakageukia walikotoka wazee asubuhi.

Kibibi alilala nyuma, mdomo wazi. Mchanga ulikuwa umevuka lami mahali mahali, na binti aliuvuka kwa mwendo wa pole, mikono miwili kwenye usukani, kama marehemu baba yake alivyokuwa akiendesha.

"Anaongea, Mama?" aliuliza ghafla.

"Nani?"

"Yeye. Mkiwa wawili. Anakuongelesha?"

"Mno. Kuna siku namwomba anyamaze nigonge misumari."

Binti akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kwanza tangu waonane, kikateleza katikati na kuwa kilio, akawa analia waziwazi huku macho yako barabarani na gari haliyumbi. Fundi hakumwambia anyamaze. Alimwekea mkono gotini, akauacha hapo, na baada ya kitambo akamwuliza:

"Habari za leo, mwanangu?"

Kisha akageuka kitini, akamtazama, akangoja.